Auntie Amestaafu Majuu? Hili Ndilo Swali la Kuuliza Daktari Kabla Bili Ianze Kumkimbiza

Saa tisa usiku simu ikalia. Ukiona namba imeanza na +1 saa hizo, roho inaruka kwanza, unashika simu ukijiuliza ni nani ametuacha. Ilikuwa auntie yangu wa Texas. Hakuna mtu alikuwa ametuacha. Alikuwa tu amekasirika, na hasira ilikuwa imemsahaulisha kwamba huku watu wamelala.

"Ebu niambie, si wewe ndio ulisoma," akaanza, hata salamu hakuna. "Nimefanya kazi hii nchi miaka ishirini na tatu. Kila mshahara wanakata hii Medicare yao. Sasa nimestaafu, nimeenda kwa daktari, na nimetoa dola mia mbili na kumi na nane na senti hamsini hapo hapo kwa dirisha. Hii Medicare ni ya nini?"

Huyu auntie ndiye alinilipia fee kutoka form one mpaka form four. Shift za usiku kwa nyumba ya wazee, kugeuza na kuinua watu kitandani mpaka mgongo wake mwenyewe ukaisha. Kwa hivyo akiniuliza kitu, sina ruhusa ya kusema sijui. Nikaamka, nikawasha laptop.

Na ukiwa na mtu wako majuu, na Nairobi hii sijui nani hana, hii stori inakuhusu. Wale waliohama miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili sasa wanagonga 65. Barua za bima zinaingia kwa keja zao kila wiki, maandishi madogo ka chungu. Wakichanganyikiwa wanapigia nani? Wewe. Wewe ndio fundi wa simu, wewe ndio wa eCitizen, na sasa utakuwa wa Medicare.

Tuanze na kilichomchoma zaidi: auntie alikuwa ameuliza. Alipigia hiyo kliniki kabla ya kwenda, akauliza kama wanachukua Medicare, dada wa mapokezi akajibu ndio. Hakudanganywa. Shida ni kwamba hiyo "ndio" inaweza kumaanisha vitu viwili tofauti kabisa, na yeye alidhani ni kimoja.

Sisi huku tunafaa kuelewa hii haraka. Ukiona bango la SHA kwa geti ya hosi, huingii tu ukiimba. Unauliza: mnachukua SHA ya nini? Ya kulazwa? Ya maabara? Na naongezea ngapi? Mkenya amezoea kuuliza swali la pili. Sasa majuu auntie alisahau, juu alidhani kule mambo imenyooka.

Rada ni hii. Medicare ni bima ya serikali ya Marekani, ilianzishwa na sheria ya mwaka wa 1965, ya watu wa miaka 65 kwenda juu na wengine wenye ulemavu. Part A inashughulika na kulazwa hosi, na haulipishwi kila mwezi ukiwa umekatwa ile kodi kwa kama miaka 10 ya kazi. Part B ndio ya daktari, kliniki na vipimo, na hiyo unalipia. Mwaka huu wa 2026 ni dola 202.90 kila mwezi kwa watu wengi. Alafu kila mwaka dola 283 za kwanza za matibabu ni zako mwenyewe. Ukishamaliza hizo, Medicare inalipa asilimia 80, wewe unalipa 20.

Asilimia 80 ya nini? Hapo ndipo auntie aliangukia.

Serikali ina bei yake ya kila kitu. Kuonwa na daktari, bei. Kupigwa picha ya kifua, bei. Hiyo 80 ni ya bei ya serikali, daktari akitaka aandike bei ya ndege ni shauri yake. Na sasa madaktari wamegawanyika mara tatu.

Kuna wale wamekubali bei ya serikali kwa kila mgonjwa wa Medicare, kila siku, bila maneno. Wameweka sahihi. Hawa ndio wengi sana, na ndio unataka.

Kuna wale wako ndani ya Medicare lakini hawajaweka hiyo sahihi. Wanaweza kukubali bei ya serikali leo na wakaikataa kesho, mgonjwa kwa mgonjwa. Wakiikataa, sheria inawaruhusu kuongeza, lakini kuna dari: asilimia 15 juu ya bei yao. Na bei yao yenyewe imeshushwa kidogo, ni asilimia 95 ya ile ya wenzao.

Alafu kuna wale wametoka kabisa. Hawa wanaandikia Medicare kwamba hawako, kwa miaka 2 miwili, na wanakuwekea mkataba mezani usaini kwamba utalipa kila kitu mwenyewe. Ukisaini, Medicare haitoi hata ndururu. Ni wachache, kama mmoja kwa mia, lakini madaktari wa afya ya akili ndio wamejaa huko kuliko wengine. Kwa hivyo kama mzazi anatafuta mtu wa kuongea naye baada ya kufiwa, uliza mapema. Na jua hii pia: haruhusiwi kukuwekea huo mkataba ukiwa kwa dharura.

Hesabu sasa. Tuseme bei ya serikali ya kuonwa ni dola 200, na zile 283 za mwanzo wa mwaka ameshamaliza.

Kwa daktari wa kwanza, Medicare inalipa 160, auntie analipa 40. Anaenda zake nyumbani.

Kwa daktari wa pili, bei inashuka hadi 190. Anaongeza ile 15 kwa mia, inafika 218.50. Umeiona hiyo namba? Ndio hiyo ya saa tisa usiku. Medicare inalipa asilimia 80 ya 190, yaani 152. Auntie anabaki na 66.50. Na uchungu zaidi ni kwamba huyu daktari anaweza kudai zote 218.50 hapo hapo, alafu Medicare imrudishie auntie zile 152 baadaye. Kwa hivyo hakuwa ameporwa dola 218. Pesa nyingi ilikuwa inarudi, lakini hakuna mtu alimwambia.

Kwa daktari wa tatu hakuna hesabu. Akisema 350, ni 350, na zote zinatoka kwa mfuko wako.

Tofauti ya 40 na 66.50 inaweza kukaa ndogo ukiwa unasoma hii kwa matatu. Lakini auntie ako na presha na sukari, anaonwa mara nne kwa mwaka na huyu mmoja tu. Bado kuna wa macho, wa miguu, wa moyo. Na hiyo bado si kitu ilinishtua. Kilichonishtua ni vile alisema mwisho wa simu, sauti imeshuka: "Mimi hiyo ya mwezi ujao siendi. Nitanywa dawa nilizo nazo." Mama wa miaka 66 mwenye sukari anaamua kuruka kliniki juu ya kitu ambacho swali moja kwa simu lingemaliza. Na sisi huku tunajua hiyo njia inaishia wapi. Inaishia kwa grupu ya WhatsApp, mweka hazina amechaguliwa, namba ya paybill imewekwa juu.

Sasa hilo swali. Neno lenyewe kule ni "assignment". Wacha ile ya chuo ya kukopi usiku wa kuamkia deadline. Hapa asaimenti ni daktari kukubali kwamba bei ya serikali ndio bei yote, na alipwe na Medicare moja kwa moja. Kwa hivyo auntie asiulize tena kama wanachukua Medicare. Aulize: je, daktari anakubali asaimenti, kwa wagonjwa wote, kila mara? Jibu likiwa ndio, amefika. Jibu likiwa "inategemea", huyo ni wa kundi la pili, na hapo kuna nafasi ya kubonga. Huyo daktari ana haki ya kukubali bei ya serikali kwa ajili yako peke yako. Mkenya aliyenunua viatu Gikomba anashindwaje kuomba hiyo? Uliza kabla hujavua koti, ukishatoka chumba cha daktari umechelewa.

Kama hapendi kuongea na simu, kuna tovuti ya serikali, Medicare.gov, ina sehemu ya kutafuta madaktari inaitwa Care Compare. Unaweka jina ama mtaa, inakuonyesha kama huyo daktari anatoza bei ya serikali. Hiyo unaweza kumfanyia ukiwa Umoja kwa kitanda. Ama apige 1-800-633-4227, ndio laini ya Medicare yenyewe. Lakini mimi ningepigia kliniki pia hata baada ya kucheki mtandao, juu madaktari wanaamua hii mambo upya kila mwisho wa mwaka. Aliyekuwa ndani Desemba anaweza kuwa nje Januari. Kila mwaka ukianza, swali linarudi.

Kuna vitu vingine nilivikuta nikichimba, na hivi ndivyo watu hawaambiwi.

Kwanza, bili ya hosi na bili ya daktari ni watu wawili. Auntie anaweza kwenda hosi safi inayokubali kila kitu, alafu daktari aliyemwona ndani akatuma bili yake kivyake. Kama ni upasuaji wa kupanga, uliza jina la anayepasua, uliza na anayechoma sindano ya usingizi.

Pili, ile dari ya asilimia 15 ni ya huduma za daktari. Haifiki kwa vifaa vingi. Kiti cha magurudumu, mashine ya kupumulia usiku, kitanda cha hosi cha kuweka nyumbani: duka lisilokubali asaimenti linaweza kuandika bei linayotaka. Kwa vifaa, uliza mara mbili.

Tatu, na hii ni tamu. Chanjo ya homa, picha ya matiti, ile ziara ya kila mwaka ya kuangaliwa, nyingi za hizo huduma za kuzuia ugonjwa ni bure kabisa kwa mtu wa Part B. Lakini ni bure daktari akikubali asaimenti. Unaona vile hiyo sahihi moja inabeba mambo?

Nne, kuna watu ambao hawana ruhusa ya kuikataa. Vipimo vya damu vya maabara ni lazima vifuate bei ya serikali. Na wale manesi waliosoma zaidi mpaka wakaruhusiwa kutibu na kuandika dawa, wanaitwa nurse practitioner, wakituma bili kwa Medicare kwa jina lao lazima wachukue bei ya serikali. Na unajua Wakenya wangapi wako kwa uuguzi kule. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Auntie akaniuliza kitu kingine: mbona rafiki yake wa Lowell, Massachusetts, hajawahi kuona hii shida? Jibu ni kwamba kuna majimbo yamekataza daktari kuongeza juu ya bei ya serikali. Massachusetts ni mojawapo. Minnesota pia, na pale Minneapolis na mitaa yake Wakenya ni kibao. Ohio na Pennsylvania ziko kwa hiyo orodha. Texas haiko. Kwa hivyo mtu akihama kutoka Minnesota kufuata wajukuu Dallas, na kufuata jua, amehamia kwa sheria nyingine bila kujua, na ushauri wa makanisani wa kule alikotoka haumsaidii.

Sasa kuna bima ya kujazilia, inaitwa Medigap. Inauzwa na kampuni binafsi lakini serikali imepanga mipango kwa herufi, na mpango wa herufi moja unalipia vitu vile vile hata ukinunua kwa nani, bei tu ndio inatofautiana. Inashika ile asilimia 20. Lakini ile nyongeza ya daktari wa kundi la pili haishikwi na kila herufi. G inaishika. N haiishiki. N huwa na bei nafuu kwa mwezi, ndio maana wengi wanaikimbilia, na si mbaya. Ila ukiwa na N, Texas, na hujawahi kuuliza daktari wako kuhusu asaimenti, wewe unacheza pata potea.

Na kuna saa inahesabu hapa. Kuanzia mwezi ambao umeshafika 65 na Part B yako imeanza, una miezi 6 ambayo kampuni haiwezi kukukatalia Medigap wala kukuongezea bei juu ya ugonjwa ulio nao. Ikiisha, majimbo mengi wanaweza kukupima na kukukataa. Mtu wa presha na sukari hatakiwi kuchezea hiyo miezi. Part B ya auntie ilianza mwezi wa nne. Alinipigia mwezi wa saba. Fanya hesabu mwenyewe.

Wengine watakwambia wao wako kwa Medicare Advantage, na zaidi ya nusu ya watu wa Medicare siku hizi wako huko. Hiyo ni kampuni binafsi inaendesha Medicare yako, mara nyingi inaongeza meno na miwani, na matangazo yake kwa TV ni ka ya betting. Huko swali la asaimenti linabadilika. Unauliza kama daktari wako ako ndani ya netiwaki ya huo mpango, jina la mpango ulitaje lote. Daktari anaweza kukubali bei ya serikali vizuri kabisa na bado awe nje ya netiwaki yako. Mtu akitaka kubadilisha, dirisha kubwa la kila mwaka ni kuanzia Oktoba 15 mpaka Desemba 7.

Neno kidogo kwa wale ambao mathe ama buda aliitwa majuu kulea wajukuu na akapata green card. Watu wanadhani kodi anayolipa mtoto inamfungulia mzazi mlango. Haifungui. Mzazi asiyefanya kazi kule lazima kwanza akae miaka 5 mfululizo, ndio akiwa na 65 aruhusiwe kununua Medicare, na Part A yake ataigharamia kila mwezi isipokuwa mwenzi wake wa ndoa amefikisha ile miaka 10 ya kazi. Hii ijulikane kabla ya kukatwa tiketi.

Na kama mpango ni kurudi kujenga Kitengela na kupumzika, jua Medicare hailipi matibabu huku Kenya. Ile kadi ukishuka JKIA ni ya kuonyesha wajukuu.

Mimi sioni daktari wa kundi la pili kama mwizi, by the way. Wanalia kwamba bei ya serikali ni ya chini, na kuna mahali ukweli uko. Kama daktari wa moyo wa maana ni mmoja pale mtaani na anaongeza 15 kwa mia, lipa uishi. Shida ni kuongezewa bila kujua, alafu uamue kukaa nyumbani na sukari yako.

Turudi kwa auntie. Siku iliyofuata alipigia ile kliniki tena, safari hii akiwa na swali kwa karatasi. Daktari anakubali asaimenti? Wakasema hapana. Anaweza kumkubalia yeye? Dada akaenda kuuliza, akarudi na hapana. Sasa akauliza kama kuna nurse practitioner hapo ndani. Kuna. Na akimwona huyo, bili inatumwa kwa jina la nani? La huyo nesi mwenyewe.

Kuingia chumbani, nesi akasoma jina kwa faili, akanyamaza, akamwangalia, alafu akamuuliza kwa Kiswahili kama ametoka upande gani. Wa Kisii. Auntie anasema walipima presha mwisho, kwanza waliongea. Alilipa dola zake zilizohesabika, na ile kliniki ya mwezi ujao aliyokuwa ameapa kuiruka ameiweka kwa kalenda.

Zile dola 152 zilirudi kwa barua baada ya wiki kadhaa. Kuhusu Medigap bado anasumbua, leo ni G, kesho ni N. Dirisha lake linafungwa tarehe 30 mwezi wa tisa. Nimeweka alarm ya kumkumbusha, na nimeiweka saa mbili asubuhi ya kwake, yeye pia ashtuke.